Pengo la Kushoto

Mwezi wa tano uliopita nilipata barua pepe kutoka klabu yangu ya zamani ya futiboli ya Kimarekani, kule Sundbyberg, Uswidi. Kibanda cha kubadilishia nguo kinabomolewa, iliandikwa, na yeyote aliyewahi kuvaa jezi ya klabu anakaribishwa Jumamosi kunywa kahawa ya mwisho ndani yake. Nilikaa na barua ile siku nne bila kujibu. Mke wangu aliniuliza mbona nimekuwa mkimya, nikamwambia ni kazi. Haikuwa kazi. Chini ya barua palikuwa na orodha ya waliokwisha kusema watakuja, na jina la tatu lilikuwa la Sulaimani. Sikuwa nimemwona uso kwa uso kwa miaka kumi na tano, na si kwa bahati mbaya. Mara mbili nilimwona kwa mbali katika kituo cha treni mjini kati, akishuka ngazi polepole huku ameshika reli, na mara zote mbili niligeuka nikapitia mlango mwingine.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni 2010. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, ninafanya kazi katika nyumba ya wazee, ninaishi Hallonbergen ghorofa ya nne. Sulaimani, Mganda mwenye mabega yaliyojaza mlango, aliishi ghorofa ileile, milango miwili kutoka kwangu, pamoja na mkewe Rehema na binti yao mdogo Hadija. Yeye Mwislamu, mimi Mrundi wa kanisani, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, chake kikiwa cha Kampala na changu cha kambi ya wakimbizi. Rehema, Mganda mwenzake aliyekulia Nairobi, alitucheka sote wawili. Ni mimi niliyemwingiza Sulaimani klabuni. Alikuwa akibeba masanduku ya mboga ghalani tangu alfajiri, na nilipomwona siku moja akipandisha kabati la nguo ghorofa nne peke yake kwa sababu lifti imeharibika, nilimwambia, “Bwana, kuna mahali watu wanacheza kwa nguvu kama hizo.” Akauliza kama mchezo wenyewe una mpira. Nikamwambia upo, ila sisi hatutaugusa.

Na kweli hatukuugusa. Kwa asiyeujua mchezo huu: timu moja ina mpira na inataka kuusogeza mbele, ama mrushaji wake aurushe, ama mkimbiaji aubebe. Sisi wa safu ya mbele ya ulinzi tunainama uso kwa uso na majitu yanayomlinda huyo mrushaji, na mpira ukianza tunagongana. Hadi mwaka ule tulikuwa wanne mbele, na kila mmoja alipewa pengo lake moja la kupenyea. Nilikuwa mwepesi, nikicheza pembeni kushoto, na msimu uliotangulia nilikuwa nimemwangusha mrushaji mara nyingi kuliko mtu yeyote katika timu. Gazeti dogo la mtaa lilitoa picha yangu. Niliibandika kwenye mlango wa friji, na nikisema kweli, kila nilipochukua maziwa nilijitazama.

Januari ile akaja kocha mpya wa ulinzi, Göran, mwalimu wa michezo aliyekuwa amerudi kutoka Marekani. Alitukusanya katika darasa la shule, theluji ikiyeyuka kwenye viatu vyetu na kufanya madimbwi sakafuni. Alichora maduara manne ubaoni, akatutazama, kisha akafuta moja kwa kiganja. Tangu sasa tutakuwa watatu, alisema. Watatu hao hawatapenya popote. Kila mmoja atamshika mtu aliye mbele yake kwa mikono iliyonyooka, atamkatalia asipite, atachungulia kulia na kushoto, na hatachagua upande mpaka mpira uwe umechagua. Watakaoangusha watu ni wale waliosimama nyuma yetu, kwa sababu sisi tutakuwa tumewazuilia majitu yasiwafikie. Na yule wa katikati hatashika mtu mmoja. Atashika wawili.

“Nani mzito kuliko wote hapa?” aliuliza. Wote tuligeuka kumtazama Sulaimani, ambaye alikuwa akimenya chungwa.

Nilinyanyua mkono. “Na mimi nitamwangusha mrushaji lini?”

“Mara chache,” alisema Göran. “Pengine hata usimwangushe kabisa. Ukikaa mahali pako, Melkiori, mwingine atamwangusha.”

Watu walicheka, nami nikacheka nao. Njiani kurudi nilimlalamikia Sulaimani tangu shuleni mpaka mlangoni kwake. Yeye hakuona tatizo. Aliniambia kwamba msikitini, kabla ya swala kuanza, imamu huwaambia watu wanyooshe safu na kuziba mapengo, bega kwa bega, na hakuna anayeuliza kama ataonekana. “Huyu mzungu anatufundisha kitu ninachokijua,” alisema. Majira yote ya baridi tulifanya mazoezi katika chumba cha kufulia nguo, chini ya jengo, kila Rehema alipokuwa na zamu ya mashine. Mashine zikizunguka, sisi tuliinama tukishikana mikono kifuani, yeye akinisukuma na mimi nikijifunza kutoondoka. Aliniambia nisisimame wima, nisichungulie mapema. Mwezi wa nne, msimu ulipoanza, aliujua mpango ule kuliko mtu yeyote, na tukaanza kushinda mechi ambazo zamani tulizipoteza. Majina yaliyotangazwa kwenye kipaza sauti yalikuwa ya wale wa nyuma yetu. Sulaimani alitoka kila mechi na alama za vidole vya watu shingoni, anatabasamu.

Mimi sikutabasamu. Siku moja mwezi wa saba nilikuwa peke yangu kibandani nikifunga kamba za viatu, na ng'ambo ya ukuta wa mbao Göran na mwenyekiti wa klabu walikuwa wakinywa kahawa. Mwenyekiti alisema kuna klabu ya Ujerumani, klabu inayolipa mshahara, itamtuma mtu Agosti kutafuta mchezaji wa pembeni anayeweza kumfikia mrushaji. “Melkiori je?” aliuliza. Nikasikia kijiko kikikoroga. “Ana mbio,” alisema Göran. “Lakini si wa kutegemewa. Ukimpa ukuta aushike, anatafuta dirisha.” Nilikaa pale na kiatu mkononi. Ningeweza kuyachukua maneno yale kama onyo. Niliyachukua kama tusi, na kuanzia siku ile nikawa nangoja Agosti.

Mwaka ule Ramadhani nayo iliangukia Agosti. Huku kwetu Agosti jua halina haraka, na kufunga kulikuwa zaidi ya saa kumi na saba. Sulaimani alifunga akiwa ghalani, akafunga akija mazoezini. Kwa Göran alikuwa anasema ameshakunywa maji nyumbani. Jioni ya kuamkia mechi ambayo Mjerumani angekuja kuitazama, Rehema aliniita tufuturu pamoja. Napaona jikoni pale hata sasa: dirisha wazi, matoke yakitoa mvuke, mchuzi wa karanga katika sufuria ya kibuluu, Hadija chini ya meza akimjibu mama yake Kiswidi kwa kila swali la Kiswahili. Rehema hakukaa. Alisimama karibu na jiko, mwiko mkononi.

“Mgonjwa ameruhusiwa kula. Msafiri ameruhusiwa,” alimwambia mumewe. “Wewe kesho unakwenda kugongana na watu wa kilo mia na thelathini saa nane mchana. Kula, utalipa siku nyingine.”

“Mimi si mgonjwa,” alisema Sulaimani. “Wala si msafiri. Ninakwenda Sundbyberg.”

“Shemeji, mwambie.”

Nilisema kitu cha kuchekesha, sikumbuki nini, ili nisiwe upande wowote. Rehema aliweka mwiko chini. “Ukiumia,” alisema, “usije hapa kuniambia nikuhurumie.” Baadaye Sulaimani alinisindikiza mpaka mlangoni pangu, hatua sita, akanishika mkono. “Usimwambie Göran kama nimefunga. Ataniweka benchi.” Nikamwambia, “Sitasema.”

Siku ya pili kulikuwa na joto, na nyasi za plastiki zilinuka mpira uliochomwa. Yule Mjerumani alikaa safu ya kwanza, koti la buluu limekunjwa magotini, daftari juu yake. Nusu ya kwanza nilikaa mahali pangu kama nilivyofundishwa, na hakuandika chochote. Nilikuwa namtazama yeye kuliko mpira. Sulaimani katikati alikuwa akiwabeba watu wawili kila mara, bila kurudi nyuma hata hatua, na mtu akiniuliza leo kama alikuwa dhaifu siku ile nitaapa mbele ya yeyote: hakuwa dhaifu. Alikuwa bora kuliko nilivyowahi kumwona.

Nusu ya pili ilipoanza nilimwacha mtu wangu. Badala ya kumshika nilimzunguka kwa nje, nikamfikia mrushaji mgongoni, nikamwangusha. Watu walisimama. Kalamu ilitembea. Göran alinipigia kelele toka pembeni, nikajifanya sikusikia. Nikafanya tena, nikafaulu tena, na jina langu likasikika kwenye kipaza sauti kwa mara ya kwanza mwaka ule. Mara ya tatu mpira haukurushwa. Walikuwa wameniona. Nilipozunguka nje, yule jitu niliyepaswa kumshika, sasa akiwa huru, hakunifuata hata kwa macho. Aliinama akaingia ndani kupitia pengo nililoliacha, na kumgonga Sulaimani ubavuni mwa goti, huku Sulaimani ameinamisha kichwa, mikono yote miwili imeshika watu wawili. Mkimbiaji wao alipita juu ya mahali pale pale mpaka mwisho wa uwanja. Sikuuona mpira ukifika. Nilisikia sauti ya Sulaimani, fupi, kama ya mtu aliyeitwa ghafla.

Wakati watu wa ambulensi wanamfunga mguu, Göran alinivuta kando karibu na uzio. Mkanda wa video ungemwambia kila kitu, lakini betri ya kamera ilikuwa imekwisha mapumzikoni, na yeye, kama wote, alikuwa akimtazama mkimbiaji, akidhani mara ile ya tatu nilikuwa nimekaa mahali pangu. Uso wake ulikuwa mweupe. “Umeona nini?” aliniuliza. “Hajawahi kuanguka hivi. Kumetokea nini?”

Mjerumani alikuwa bado amekaa, hatua ishirini kutoka pale. Nakumbuka niliupima umbali ule.

“Amefunga,” nilisema.

“Amefunga nini?”

“Ramadhani. Hajala wala kunywa maji tangu usiku. Alikuwa hana nguvu.”

Kila neno kabla ya sentensi ya mwisho lilikuwa kweli. Ndiyo maana lilitoka kwa urahisi. Göran alishika kichwa kwa mikono miwili. “Na wewe ulijua,” alisema, nami nikainama, na yeye akadhani nimeinama kwa sababu hiyo.

Kufika wiki iliyofuata, hadithi ilikuwa imeshakauka kama saruji: Sulaimani aliumia kwa sababu alicheza na njaa. Bodi ya klabu ikaandika kanuni kwamba mtu aliyefunga haruhusiwi uwanjani, na wenzetu wawili Waislamu walirudisha jezi zao wakaondoka bila kelele. Sulaimani alifanyiwa upasuaji mara mbili. Ghalani walimngoja miezi kadhaa kisha wakaacha kumngoja. Haya yote niliyapata kwa watu, kwa sababu mimi sikwenda kumwona. Hospitali ilikuwa vituo vichache tu kwa treni. Aliporudi nyumbani alikuwa milango miwili. Nilijifunza sauti ya magongo yake ukumbini, nikawa nasimama nyuma ya mlango wangu na viatu miguuni, nikisubiri lifti imchukue ndipo nitoke. Siku ya Idi Rehema aliniletea sahani ya pilau imefunikwa. Sikufungua, aliiacha chini, nikaichukua alipoondoka, nikaila nimesimama kando ya sinki, yote, mpaka punje ya mwisho. Kwetu na kwao pia, sahani ya jirani hairudi tupu. Niliiosha, nikaiweka tupu kwenye zulia la mlangoni pake saa ambayo nilijua wako kliniki.

Wajerumani walinichukua. Niliondoka Januari, na nilidumu wiki saba. Huko nako walikuwa na kocha mpya, na mpango wake ulikuwa wa watu watatu mbele, shika mtu wako, usichague upande. Alinijua ndani ya siku kumi. Niliporudi Hallonbergen mlango wa Sulaimani ulikuwa na jina la familia nyingine. Walikuwa wamehamia Tumba, mahali ambapo Rehema alipata kazi.

Katika miaka iliyofuata nilijitengenezea faraja moja, na naona haya kuiandika kuliko mengine yote. Nilijiambia kwamba Sulaimani anajua. Aliwekewa jitu ubavuni, upande wangu. Mtu anayeujua mpango ule kama yeye hawezi kukosa kujua pengo lilikuwa la nani. Basi anajua, nilijiambia, na amenyamaza kwa uungwana wake, na mtu akinyamaza kwa uungwana si vizuri kumlazimisha kusema. Niliishi na faraja hiyo nikaoa nayo, nikatunza nayo wazee wa watu.

Jumamosi ile nilifika kibandani nimechelewa kwa makusudi. Walikuwepo watu kama kumi na tano, vitambi, vipara, mikate ya mdalasini kwenye meza ya kukunja. Göran, mvi kichwa kizima, alikuwa akionyesha mtu simu yake. Sulaimani alikuwa amekaa kwenye benchi la pembeni, mguu umenyooshwa. Aliponiona alinyanyua mkono wote, kama mtu anayesimamisha basi.

“Melkiori! Njoo hapa, sebo, bwana wangu. Kaa.”

Nilikaa. Alinishika goti kwa ule mkono wake mzito. Aliniuliza habari za nyumbani, za watoto, nikajibu. Kisha akashusha sauti.

“Nimekuja leo kwa ajili yako,” alisema. “Nataka tumalize. Najua kwa nini hukuja kuniona. Uliona haya kwa sababu ulimwambia Göran nilikuwa nimefunga. Nilikuomba usiseme, ukasema. Mwanzoni nilikasirika, sikudanganyi. Lakini nimeshafikiri miaka mingi. Ulisema kwa kunihurumia. Na ulisema kweli. Miguu yangu haikuwa na nguvu siku ile, ndiyo maana goti lilikwenda. Rehema alinionya nikafanya kiburi. Kazi ilipotea kwa kiburi changu. Miaka miwili baada ya pale sikufunga, niliogopa. Mpaka leo Ramadhani ikikaribia, ananitazama tu, nami najua anakumbuka nini. Basi wewe huna deni. Nimekusamehe zamani.”

Hakujua. Miaka kumi na tano mtu yule alikuwa amelibeba kosa langu akidhani ni lake, amelipeleka nyumbani kwake, amelilaza kati yake na mkewe, amelipeleka mpaka mbele ya Mungu wake. Na sasa alikuwa ananipa msamaha mkononi, tayari, wa kosa dogo. Ningesema asante tu. Nilikuwa nimefungua mdomo, na neno lililokuwa ulimini lilikuwa asante. Sijui ni nini kilichonizuia. Sitaki kusema ni wema, maana wema ungekuja mapema zaidi. Labda ni ule mkono uliokuwa bado gotini kwangu.

“Hukuwa dhaifu,” nilisema. “Sule, hukuwa dhaifu. Mimi niliondoka mahali pangu.”

“Mahali gani?”

“Kushoto kwako. Nilimwacha mtu wangu nikamfuate mrushaji, Mjerumani anione. Mara tatu. Mara ya tatu yule mtu aliingia pale nilipotoka, akakugonga. Göran aliponiuliza, nikasema umefunga. Nilisema hivyo asije akauliza kingine.”

Aliondoa mkono. Hakuuondoa kwa hasira. Aliuweka juu ya goti lake mwenyewe, lile bovu, na kulitazama kama analiuliza kitu.

“Rudia,” alisema.

Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Göran alikuwa ameacha kuonyesha simu yake na anatutazama. Hakuelewa Kiswahili, lakini alisikia jina lake. Sulaimani alimgeukia, akaniambia, “Na yeye. Kwa Kiswidi.” Nikasimama, nikasema kwa Kiswidi, mbele ya wote. Göran alikaa kwenye kiti. “Ile kanuni bado ipo,” alisema. “Mwaka jana niliwarudisha vijana watatu nyumbani.” Hakunitazama tena alasiri ile.

Sulaimani alikuwa ameshatoa simu. Alibonyeza, akangoja, akanipa. Sauti ya Rehema ilikuwa ileile, ya Nairobi, ya haraka. “Eeh, baba Hadija, umeshafika?”

“Shemeji,” nilisema, “ni Melkiori.”

Nikamwambia. Sikupunguza. Nilimwambia kwamba mumewe alifunga na hakutetereka, kwamba aliangushwa na mimi, kwamba pilau yake niliila. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilisikia maji ya bomba upande wake, kisha nikasikia yakifungwa.

“Yuko hapo?” aliuliza.

“Yuko.”

“Mpe simu.”

Sulaimani aliichukua, akainuka kwa kushika ukuta, akatoka nje kwenye jua, mgongo umetugeukia. Walizungumza Kiluganda, lugha nisiyoijua. Alizungumza kidogo, akisikiliza sana, na mara moja alijifuta uso kwa mkono wa shati. Nilisikia jina langu likitajwa mara mbili, lakini sikuweza kujua limewekwa kati ya maneno gani. Aliporudi alipita mbele yangu, akachukua koti lake kwenye msumari, akalivaa polepole, mkono mmoja kisha mwingine.

“Rehema anasema nirudi nyumbani,” alisema. “Anasema nisipande ngazi, nitumie lifti.” Alifika mlangoni akasimama, bila kugeuka. “Wewe nitakupigia. Si leo.”

Sasa ni Novemba. Hajapiga, na mimi sijabadilisha namba.